Mkwe Nyuma ya Ukuta

Ipogolo, Iringa
9 Februari 2025

Mkamwana wangu Tumpe,

Nimepata mchele na barua. Mchele umepikwa, barua imesomwa. Vyote vilikuwa vizuri na vyote vilikuwa na vijiwe vichache.

Jana Amos wa Mlandege, yule fundi cherehani, alinikuta naandika. Akaniuliza, "Yotamu, Mnyakyusa gani wewe unayemwandikia mkamwana wako barua? Kwenu si mnakimbiana?" Nikamwambia ni kweli. Kwetu mkamwana haoni uso wa baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye ana kwa ana. Mababu walikataza macho, wakakataza mdomo. Kalamu hawakuikataza kwa sababu hawakuwa nayo, na mimi ni mtu wa sheria. Amos akasema mimi ni mtu wa hila. Basi, sheria na hila wamenyonya ziwa moja.

Tangu Gwakisa akuoe nimewahi kuona visigino vyako tu, siku tulipomzika mama yake, ulipopita na ndoo umejifunika khanga. Visigino vya heshima kabisa. Lakini kwa barua nakujua kuliko ninavyomjua mwanangu, ambaye akipiga simu anauliza "Mzee, umekula?" na salio lake limeisha.

Mwanafunzi wenu Nyamizi hajambo. Alipokuja kwangu alishika jembe kama mtu anayesalimiana na polisi. Nikasema haya ndiyo matunda ya kukulia Usangu katikati ya ng'ombe. Sasa amezoea mpaka anatukana. Juzi ananiambia, "Babu, vitunguu umevibana kama vinasafiri." Nikamwambia anistahi, mimi ni mwalimu wake wa vitendo. Akajibu, "Mwalimu gani anayelala mpaka jua linamchoma?" Nyumba ilikuwa kimya tangu mama yenu aondoke. Sasa kuna mtu wa kunitukana, namshukuru Mungu.

Uliandika kwamba viwango vya vyuo vikuu vinabadilishwa na kila chuo kinaulizwa maoni. Nieleze kwa Kiswahili cha watu. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza nikiwa naumwa.

Mimi baba mkwe wako wa karatasi,
Yotamu Mwaisemba


Mbeya
16 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mjukuu wako Tupokigwe anasema mume wake mzee amtumie njegere, la sivyo anadai talaka. Umemfundisha wewe, usinilaumu.

Viwango ni hivi. Nchi yetu na jirani zake walikubaliana vyuo vikuu vipimwe kwa kipimo kimoja, ili shahada ya huku isidharauliwe kule. Kipimo hicho kimezeeka. Wanaandika kipya, na kabla hawajakipitisha wanazunguka kutuuliza sisi wa vyuoni. Usiicheke kazi hii, Baba. Nimeona vyuo vinatoa wahitimu wa maabara ambao hawajawahi kushika chupa ya maabara. Lazima mtu apime.

Ila kuna kiwango cha nane. Kinasema mafunzo kwa vitendo yafanyike ndani ya taasisi zilizosajiliwa, basi. Kaya siyo taasisi. Shamba lako siyo taasisi. Kikipita hivyo, Msimu umekufa. Unajua nilivyouanzisha: mwanafunzi wa kilimo anaishi na familia tangu mbegu inaingia ardhini mpaka mavuno yanatoka. Wakuu wangu hawaupendi, wanauvumilia. Wakipata kiwango cha kuuzikia, watauzika siku hiyohiyo. Na Nyamizi na wenzake walioko kwenye kaya sasa hivi, muda wao hautahesabiwa. Watarudia mwaka.

Kikao cha kanda kitakuwa Iringa mjini tarehe 6 Machi. Nimeandikishwa mimi kusemea chuo chetu. Asiyeandikishwa hasemi, na chuo ambacho hakitatoa pingamizi siku hiyo kitahesabiwa kuwa kimekubali.

Basi letu litapita Ipogolo. Nitageuza uso upande wa mlima.

Mwanao,
Tumpe


Ipogolo
23 Februari 2025

Mkamwana wangu,

Nimejitazama kwenye kioo kuona kama mimi ni taasisi. Sijaona geti wala bendera. Nyamizi anasema tuweke kibao barabarani: TAASISI YA MZEE YOTAMU, KIJUE KITUNGUU KABLA HAKIJAKUJUA. Nimemwambia ataleta askari.

Nauliza kwa udadisi tu. Siku hiyo ya tarehe 6 utasema asubuhi, au baada ya chai? Na ukumbi wenyewe una nguzo? Nguzo nene, ya kumficha mtu mwenye mwili wa wastani? Nauliza kwa sababu za ujenzi.

Lile koti la kahawia ulilonitumia Krismasi limenikaa sawasawa. Mtendaji wa kata ameliona akasema linafaa kwenye mikutano. Mimi nikanyamaza, unajua nisivyopenda makuu.

Usiogope maprofesa. Nao wakila maharage wanapata shida kama sisi.

Yotamu


Mbeya
8 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Nimerudi salama. Kikao kilienda vizuri. Watu walikuwa wengi na maoni yalikuwa mengi. Tunasubiri.

Nina kazi nyingi kidogo, barua nitaandika ndefu siku nyingine. Natumaini siku ile ulikuwa shambani na hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Tumpe


Ipogolo
12 Machi 2025

Mkamwana wangu,

Nimefurahi kikao kimeenda vizuri. Mimi siku hiyo nilishikwa na homa, sikutoka kitandani. Kwa hiyo hata mtu akikwambia ameona mzee mwenye koti la kahawia mjini, ujue makoti hayo yapo mengi, watu wanapenda kuiga.

Vitunguu vinaendelea. Mvua inaendelea. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mwaka huu ni mtamu, nasikia kwa watu.

Sina la zaidi, jambo ambalo hata mimi linanishangaza.

Yotamu

(Nyuma ya bahasha, kwa mwandiko mwingine:)

Mwalimu, shikamoo. Ni Nyamizi. Babu amenituma nipeleke barua stendi. Nisamehe kwa kuandika hapa.

Hakuwa na homa. Alikuwepo ukumbini. Mtendaji alimchagua awe mwakilishi wa jamii zinazopokea wanafunzi. Alikataa kukwambia kwa sababu alitaka kukusikia ukisema, hata mara moja. Alipanga akae nyuma ya nguzo na mgongo ageuze, asione uso wako. Wenye kikao wakamtoa pale, wakasema mzee hawezi kukaa nyuma, wakamweka kiti cha mbele na kumvisha kitambulisho. Halafu jina lako likaitwa na hukuingia.

Amelitundika koti na hajalivaa tena, hata kanisani hakulivaa. Ananiuliza, "Mjukuu, ni mimi niliyekufelisha?" Sijui nimjibu nini. Mwalimu, ni kweli tutarudia mwaka?


Mbeya
15 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Basi tumedanganyana wote wawili, na mwanafunzi wangu ametufumania.

Nilifika mlangoni na karatasi zangu mkononi. Nikaona koti. Kisogo sikukijua, sijawahi kukiona, lakini koti nilichagua mwenyewe dukani, na kiraka cha begani Gwakisa alinisimulia, kwamba uliliunguza kwa pasi wiki ya kwanza. Ili nifike mbele ya meza kuu ilinibidi nipite ubavuni mwako na nikugeukie uso. Nikavuta khanga kichwani, nikatoka. Nilimpa mwenzangu karatasi anisomee, wakamwambia asiyeandikishwa hasemi. Nikasikia jina langu likiitwa kwenye spika nikiwa nimesimama nyuma ya matenki ya maji.

Wameandika kwamba Mbeya haina pingamizi.

Mkurugenzi wangu, Daktari Bartholomeo, anaamini niliingiwa na woga. Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Gwakisa anasema, "Ungefumba macho ukaingia." Huyo ndiye mwanao.

Sikukimbia kwa kukuonea aibu, Baba. Nilitaka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Na sikukwambia ukweli kwa sababu nilidhani hukugundua, nikasema basi, abaki na furaha ya kukaa kiti cha mbele.

Mwambie Nyamizi nitamwandikia. Sina la kumwahidi.

Tumpe


Yotamu Mwaisemba,
Kata ya Ipogolo,
Iringa
18 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti Profesa Paskalina,
Kamati ya Kupitia Viwango

YAH: CHUO CHA MBEYA KUTOSEMA KWA SABABU YANGU MIMI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni yule mzee wa koti la kahawia wa kiti cha mbele. Uliponiuliza maoni ya jamii nilisema sambusa ni nzuri. Hayo yalikuwa maoni ya kweli lakini hayakuwa yote. Akili yangu ilikuwa mlangoni.

Mmeandika kwamba Mbeya wamekubali. Mbeya hawakukubali. Daktari Tumpe uliyemwita ni mke wa mwanangu. Sisi ni Wanyakyusa. Mkamwana akikutana na baba mkwe njiani, anaiacha njia. Yeye aliuacha ukumbi. Hakuwa mgonjwa na hakuwa mwoga. Mlinikuta mimi nyuma ya nguzo nimejibanza salama salimini, vijana wenu wakanishika mkono kwa heshima nyingi wakanipeleka mbele. Heshima yenu ikaifukuza ya kwetu. Sikuwaambia kwa sababu nilikuwa nimekuja kwa wizi, na mwizi hawezi kuuliza kwa nini anahamishwa.

Kwenye rasimu yenu, ukurasa wa mwanzo, mnasema chuo kiheshimu mazingira ya jamii inayokizunguka. Nyamizi kanisomea. Sasa jamii ndiyo mimi na mazingira ndiyo hayo.

Naomba asikilizwe. Kama taratibu zinakataa, niandikeni mimi kuwa nilivuruga kikao na mnifute uwakilishi. Kitambulisho nitakirudisha. Kamba yake mtanisamehe, nimefungia mbuzi.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Y. Mwaisemba
(nakala: sina nakala, mkono umechoka)


Mbeya
2 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Umefanya nini?

Profesa Paskalina amempigia simu mkurugenzi wangu. Anasema barua yako ilisomwa mbele ya kamati nzima, wakacheka mpaka kwenye kamba ya mbuzi. Profesa mwenyewe ni wa Njombe. Akawaambia wenzake kwamba kwao mkwe wa kiume naye akimwona mama mkwe njiani, huiacha njia akapita shambani, na kwamba hawezi kuandika kuwa watu wamekubali wakati walikuwa wanaheshimiana.

Tumepewa nafasi tarehe 24 Aprili, hapa Mbeya, kikao cha mwisho. Lakini wametoa sharti. Kiwango cha nane kitajadiliwa kwa pamoja: chuo kiseme na kaya iseme, saa hiyohiyo, mbele ya kamati hiyohiyo. Wanataka kukuuliza maswali. Yaani wametutoa kwenye shimo wakaturudisha kwenye shimo lilelile.

Daktari Bartholomeo amekasirika. Anasema chuo kizima kimetetewa na mzee wa vitunguu. Ameniambia, "Ukinyamaza tena, Tumpe, Msimu naufunga mimi mwenyewe, sisubiri kiwango."

Wenzangu ofisini wanacheka: daktari wa falsafa anamkimbia mkwe. Wacha wacheke. Mimi siogopi, Baba. Siku ya harusi mama aliponifunika khanga aliniambia, "Hutamwona, kwa hiyo hutapata nafasi ya kumdharau, wala yeye kukudharau." Niliona ni maneno ya kizamani. Lakini tangu nianze kazi nimekaa na wanaume wengi wanaonitazama usoni nikisema, na hawasikii. Wewe hujawahi kuniona, na unanisikia. Sitaki kukipoteza hicho kwa ajili ya kiwango cha nane. Na kiwango cha nane nacho sitaki kinishinde.

Nifanyeje?

Tumpe


Ipogolo
6 Aprili 2025

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka habari za mbuzi. Mara ya pili nikatoka kwenda kumwagilia vitunguu, na mvua inanyesha. Nyamizi akapiga kelele, "Babu, unamwagilia mvua?" Nikamwambia ni mbinu mpya.

Sasa sikiliza. Baba yangu alipougua, kule Tukuyu, mama yenu alikuwa mkamwana mpya. Nani ampe uji mzee na sisi wote tupo shamba la chai? Alikuwa anapika, anakwenda nao mpaka nyuma ya ukuta wa jikoni, anaweka bakuli juu ya kigoda, anaondoka. Mzee anajikongoja upande wake, anafika, anachukua, halafu anakohoa. Kikohozi maana yake: nimepata. Mama yenu akikisikia ndiyo anarudi kwenye kazi zake kwa amani. Hakuna uso ulioonwa, hakuna neno lililosemwa, na mzee alinenepa.

Kwa hiyo mwambie profesa mambo ya viti vya mbele tumemaliza. Mimi anipe dirisha. Nitakaa nje, barazani, mgongo ukutani. Wewe utakuwa ndani. Wakinitaka wanipitishie hicho kipaza sauti dirishani, nitawajibu wao, sitakujibu wewe. Akisema haiwezekani, mwulize kama kwenye viwango vyake kuna mahali pameandikwa mdau lazima akae mbele.

Koti nimelishusha. Nyamizi amelipiga pasi. Sasa lina viraka viwili.

Yotamu


Mbeya
27 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Gwakisa amesema ulifika salama na kwamba njia nzima kutoka Mbeya mpaka Makambako ulikuwa unamsimulia jirani yako kwenye basi jinsi ulivyohutubia kupitia nondo za dirisha kama mahabusu.

Nataka nikwambie upande wa ndani, ambao hukuuona.

Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye kiwango cha nane niliinua macho, nikamwona Daktari Bartholomeo anatazama saa yake, nikakwama. Karatasi nilikuwa nayo, macho yalikuwa yanaona, maneno hayatoki. Nikasikia watu wanaanza kujigeuza kwenye viti. Ndipo ukakohoa. Kimoja tu, kule nje. Nikajua: amepata. Nikaendelea mpaka mwisho.

Kisha wakakupa kipaza sauti. Baba, sikuwahi kusikia sauti yako. Miaka yote hii nasoma barua zako nilijua una sauti nzito, ya mtu mkubwa. Kumbe ni nyembamba, inapanda juu mwishoni. Nilijifunika khanga nikatazama chini ili nisicheke mbele ya kamati, halafu nikaona siyo kicheko.

Profesa alikuuliza unahakikishaje ubora wa mwanafunzi. Ukajibu, "Akilima vibaya, hatuli." Wameandika hivyohivyo kwenye kumbukumbu. Wameandika pia ulivyouliza kama Mbeya hawana sambusa.

Sasa matokeo. Kiwango hakikufutwa, kimeongezewa maneno: kaya itahesabiwa kuwa mahali pa mafunzo, mradi chuo kiikague na kuithibitisha kila msimu. Watatujaribu kwa muda, wakiona tunabahatisha watakirudisha kama kilivyokuwa. Nyamizi na wenzake watahesabiwa, kama kaya zao zitapita ukaguzi.

Na anayekagua ni mratibu wa Msimu. Ndiyo mimi.

Nimeshakagua kaya za Kilolo. Yako nimeiacha mwisho kwa sababu ya swali moja. Fomu inataka mkuu wa kaya awepo wakati wa ukaguzi. Asipokuwepo, kaya haipiti. Swali hilo nililiweka mwenyewe, Baba, kabla ya yote haya, ili watu wasikague nyumba kwa simu.

Siwezi kuingia nyumbani kwako ukiwemo. Siwezi kukupitisha ukiwa haupo. Kwenda mwenzangu badala yangu, Daktari Bartholomeo amekataa. Anasema anataka kuona kama mratibu atampendelea mkwe wake.

Nitakuja tarehe 15 Mei. Sijui nitaandika nini.

Tumpe


Ipogolo
4 Mei 2025

Mwanangu,

Kwanza usiandike uongo. Wewe ni mtu wa viwango. Wakikukamata na uongo mmoja kwa ajili ya mkwe wako, zile kaya zote za Kilolo zitaonekana uongo. Ikibidi kunifelisha, nifelishe, nimeshazoea. Habari za darasa la nne nilikusimulia.

Siku hiyo nitakwenda Mlandege kwa Amos. Ufunguo anao Nyamizi. Choo kina mlango mpya, ila usiusukume, uvute. Ukiusukuma utaingia nao. Chumba cha mwanafunzi kina dirisha na neti. Jikoni kuna ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma, nimeukarabati, umesimama vizuri. Ukichoka na makaratasi, nimeweka kigoda pale chini ya ukuta. Kwenye pipa la bluu usitazame, hilo ni la majirani.

Picha ya mama yenu ipo sebuleni. Msalimie. Yeye hana mwiko na wewe.

Nyamizi anaogopa kuliko mimi. Amefagia uwanja mpaka kuku hawana pa kuparua.

Nenda na ukweli.

Yotamu


Mbeya
18 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Nimerudi salama. Mlango wa choo niliusukuma. Nisamehe, Nyamizi ameshamwita fundi. Nimeandika kama upungufu.

Nimekagua chumba, neti, maji, ghala la vitunguu. Nimemsalimia Mama. Pipa la bluu sikulitazama, lakini harufu ya ulanzi haina mwiko na mtu. Nalo nimeliandika. Uliniambia niende na ukweli.

Nikafika jikoni, nikakaa kwenye kigoda kuandika. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni, anatafuna kidole. Nikasema, "Nyamizi, mwenyeji wako amekwenda Mlandege?" Akatazama ukuta. Akatazama chini. Akasema, "Mwalimu, naomba usiniulize hilo."

Basi sikumuuliza. Nilikuwa nimepika uji kwenye jiko lako, nimezoea kujaribu jiko kila kaya ninayokagua. Nikamimina bakuli, nikampa aupeleke upande wa pili akauweke, kisha arudi. Akaenda, akarudi. Mimi nikaanza kumsomea maswali yeye, kwa sauti ya darasani.

"Mwanafunzi anakula meza moja na familia?"

Ukuta ukakohoa.

"Amepewa shamba lake la kulima na kuharibu?"

Ukuta ukakohoa, kwa uchungu kidogo.

"Mwenyeji huamka mapema kumfundisha?"

Hapo ukuta ulikaa kimya mpaka Nyamizi akacheka kwa sauti, halafu kikaja kikohozi kidogo sana, cha mtu anayejaribu bahati yake.

Nimeandika: huchelewa kuamka. Mwanafunzi hajaathirika.

Nikaweka kalamu chini. Kuku walikuwa wanaparua uwanja wa Nyamizi. Nikasikia kijiko kinagonga chini ya bakuli, pole pole, cha mtu aliyefika mwisho na bado anakwangua. Halafu nikasikia kikohozi ambacho sikuwa nimekiulizia swali.

Nilikuwa nimebakiwa na sehemu moja kwenye fomu. Mkuu wa kaya alikuwepo wakati wa ukaguzi?

Nikaandika: Ndiyo.

Mwanao,
Tumpe